Ukuta wa Saloni Yetu Ni wa Nani?

Tuanze na matanga.

Hapa kwetu Lubarika tulimzika mama mzee mmoja, mjane, aliyezaa watoto tisa na kulea wajukuu ambao yeye mwenyewe alikuwa ameacha kuwahesabu. Jina lake tunaliacha kwa heshima ya familia. Usiku wa kuamkia maziko vijana walitumwa kutafuta foto yake, ili ifungwe kwenye msalaba na kutangulia mbele ya sanduku, kama inavyofanyika siku hizi. Walipekua masanduku ya nguo, walikung'uta Biblia, waliuliza kwa mabinti waliotoka Uvira na Kiliba. Hakuna. Mwishowe mjukuu mmoja akaleta karte ya uchaguzi. Hiyo ndiyo ilikuwa picha pekee ya mama yule: sura ndogo kama ukucha wa kidole gumba, imefifia, macho yameshtuka kwa mwanga wa kamera. Wakaipeleka kwa kijana mwenye mashine kule Luvungi, akaikuza. Kadiri ilivyokuzwa, ndivyo mama alivyozidi kupotea. Asubuhi tulimsindikiza nyuma ya picha isiyofanana naye.

Mwili wake ulikuwa umelazwa saloni. Sisi tuliokesha pale tulikuwa na saa nyingi za kuangalia ukuta. Palikuwa na kalandrie tatu, zote za miaka iliyokwisha pita. Ya kwanza ya mgombea ubunge anayecheka meno yote nje. Ya pili ya mgombea mwingine, mpinzani wa yule wa kwanza, naye anacheka. Ya tatu ya bia. Pembeni, karatasi kubwa ya maporomoko ya maji na maua mekundu, yenye maandishi ya Kichina ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuyasoma. Mzee mmoja akasema kwa sauti ya chini: "Hawa bote banatuangalia, ni mwenye nyumba tu njo haiko." Hakuna aliyecheka.

Tangu usiku ule swali hili limekataa kututoka kichwani. Ukuta wa saloni yetu ni wa nani? Tutajibu bila kuzungukazunguka: umetwaliwa na wageni, tumewapa wenyewe, tena bure, na wakati umefika wa kuurudisha kwa wenye nyumba.

Tumepangisha ukuta bila kodi

Wako watakaosema: mwalimu amekosa kazi, nchi ina vita, yeye anaandika juu ya misumari na foto. Tuwaombe subira kidogo.

Ukuta wa saloni ndio ukurasa wa kwanza ambao mtoto anausoma. Kabla hajajua a, e, i, o, u, amekwisha zikariri sura zilizo mbele ya mkeka anapolia uji. Mtoto wa miaka sita hapa kijijini anakutajia wachezaji wa timu za Ulaya mmoja mmoja, na jezi zao. Anakutajia namba ya mgombea kwenye karatasi ya kura. Lakini muulize baba wa baba yake aliitwa nani. Sisi tunauliza darasani, kila mwanzo wa mwaka, kwa wanafunzi wakubwa wa sekondari: andikeni majina ya babu wawili na bibi wawili, na kijiji alikozaliwa kila mmoja. Ni zoezi lisilohitaji daftari wala kitabu. Wanaolimaliza ni wachache sana. Wengi wanaandika tu "Babu", "Bibi", kana kwamba hayo ndiyo majina waliyopewa wazee wale siku ya kuzaliwa.

Tusiwalaumu watoto. Hawajaona sura ya hao wanaoulizwa. Mtu asiye na sura haulizwi habari zake, na asiyeulizwa habari anakufa mara ya pili.

Wala hatusemi haya kama watu walio safi. Katika saloni yetu wenyewe, kwa miaka mingi, palikuwa na vitu viwili tu: diploma yetu ya ISP ndani ya kadre ya kioo, na kalandrie ya duka la dawa. Foto ya marehemu baba ilikuwa chini ya godoro, ndani ya bahasha, pamoja na risiti za minervali. Tulijionyesha sisi kwa wageni, tukamficha aliyeuza mbuzi ili tusome. Tulipolitambua hilo tuliona haya, na haya hiyo ndiyo inayotuandikisha leo.

Wakubwa wa dunia hii wanaijua sana nguvu ya ukuta. Wazee wetu wanakumbuka zama za Mobutu: kila ofisi, kutoka Kinshasa hadi kwenye lokalite ya mwisho, ilikuwa na sura yake na kofia yake ya chui. Alipoanguka Mei 1997, picha zile zilishushwa, na misumari ileile ikapokea sura nyingine. Mwaka 2001 ikaja nyingine, na mwaka 2019 nyingine tena. Msumari haupumziki. Mwenye madaraka hawezi kulala siku moja bila sura yake ukutani, kwa sababu anajua kwamba anayeonekana kila siku anazoeleka, na anayezoeleka anaheshimiwa, hata kama hakuleta kitu. Basi kama yeye anagharimia kalandrie elfu nyingi apate nafasi katika saloni zetu, sisi tunaomkaribisha bure tunajua thamani ya tulichompa?

Si mambo ya wazungu

Tunawasikia wengine: "Kutundika mafoto, hiyo ni desturi ya wazungu." Hapana. Hebu tuangalie nyumba za ndugu zetu, kutoka pwani mpaka hapa.

Kule Lamu, pwani ya Kenya, nyumba za mawe za karne ya 18 zina zidaka: vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa, safu juu ya safu, katika ukuta wa chumba cha ndani. Humo ziliwekwa sahani za kaure na vitu vya heshima vya familia. Anayeingia anajua mara moja ameingia kwa nani. Karibu yetu zaidi, mashariki ya Rwanda, upande wa Kirehe, akina mama wanapamba kuta kwa imigongo: mistari na pembe zilizofinyangwa kwa samadi ya ng'ombe, zikapakwa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Samadi, wasomaji! Si marumaru. Na hapa kwetu, nani asiyemkumbuka mama akipaka nyumba kwa mkono kabla ya Noeli, udongo mwekundu chini, mweupe juu, na alama za vidole vyake zikabaki kama mawimbi? Mkono ule ulikuwa tayari ni picha.

Lakini mfano mkubwa uko ndani ya Kongo yetu, na uko katika Kiswahili. Katika miaka ya 1970, huko Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wafanyakazi wa migodi, makarani na walimu walinunua michoro ya wachoraji wa mtaani na kuitundika saloni. Michoro yenyewe ilichorwa juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Ilikuwa na aina zake, kila mtu alizijua. Mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki. Lumumba, aliyeuawa huko huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Na ule walioita "Colonie belge": mfungwa amelazwa chini, askari anampiga fimbo, ofisa Mbelgiji anaangalia, bendera iko juu. Mtu aliyepigwa fimbo enzi za ukoloni alinunua picha ya fimbo kwa pesa yake na kuiweka mahali anapokulia ugali na watoto wake. Kwa nini? Wenyewe walikuwa na neno moja la kujibu: ukumbusho.

Mmoja wa wachoraji wale, Tshibumba Kanda-Matulu, alifanya zaidi. Kati ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, picha 101, tangu zama za mababu hadi siku zake na hata mbele yake, na akaieleza kwa Kiswahili mbele ya profesa Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi wakati ule. Profesa alitoa kitabu juu yake mwaka 1996. Na picha ziko wapi? Ziko katika makumbusho ya Amsterdam, Uholanzi. Tunashukuru kwamba hazikuoza. Lakini semeni nasi: jambo lililochorwa kwa ajili ya saloni ya Mkongomani, leo Mkongomani akitaka kuliona anahitaji viza.

Na si hayo tu. Makumbusho ya Tervuren, huko Ubelgiji, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018, yana maelfu ya foto za Kongo ya zamani. Katika foto nyingi za enzi ile utaona mtu wetu amesimama, na chini pameandikwa kabila lake, au kazi yake, au kijiji. Jina hapana. Aliyepiga picha hakuona haja ya kuuliza. Sisi tunamlaumu kwa haki. Lakini tugeuze foto zetu wenyewe, zile zilizo katika masanduku yetu, tuangalie mgongoni. Pameandikwa nini? Hakuna kitu. Ukiuliza, unaambiwa: "Huyu alikuwa ndugu ya babu, ao rafiki yake, mama tu njo alijua, na mama alishakufa." Basi tumefanya kazi ileile ya mkoloni, juu ya damu yetu.

Wanaotupinga, na majibu yetu

Wa kwanza ni watu wa simu. Wanasema: foto zote ziko kwenye telefone, ukuta wa nini tena? Ndugu zetu, telefone ni ya mtu mmoja, tena ina neno la siri. Ukuta ni wa wote, hata wa mtoto asiye na simu, hata wa mgeni, hata wa bibi asiyeona vizuri anayepapasa kadre na kusema huyu ni fulani. Na telefone inaibwa, inaanguka majini, inachukuliwa kwenye baryere. Februari 2025, na tena Desemba 2025, makumi ya maelfu ya watu wa huku walivuka kwenda Burundi. Waulizeni ni simu ngapi zilifika ng'ambo. Simu iwe mtumishi wa ukuta: piga foto ya kila foto, mtumie ndugu aliye mbali. Hapo itakuwa na faida.

Wa pili ni watu wa dini, na hawa tunawajibu kwa heshima, maana sisi pia tunasali. Wanasema: kutundika sura ya marehemu ni kuita mizimu. Tumemwona mama mmoja akishusha foto ya mume wake kwa sababu ya mahubiri hayo, akaichoma, kisha akalia miezi mingi kwa kuichoma. Tunauliza: ofisi ya kanisa lenu haina foto ya mchungaji wa kwanza aliyeianzisha? Nyumba ya mapadri haina foto ya Papa na ya askofu aliyefariki? Kama hiyo si mizimu, foto ya baba yetu nayo si mizimu. Yoshua alipowavusha watu Yordani, waliamriwa kutoa mawe kumi na mawili mtoni na kuyasimamisha, ili watoto wakiuliza maana yake, wazee wasimulie. Sisi tulio kando ya Ruzizi, tulioivuka mara ngapi tukikimbia, mawe yetu yako wapi? Kukumbuka siyo kuabudu. Hakuna anayepika kuku kwa ajili ya kadre.

Wa tatu ni watu wa usalama, na hoja yao ni nzito. Wanasema: katika vita, foto inaua. Wenye silaha wakiingia nyumbani na kuona kijana amevaa uniforme, ama amesimama na mtu fulani, maswali yanaanza. Ni kweli. Familia zimeteseka kwa sababu hiyo, hatuwezi kuwacheka wanaoogopa. Jibu letu ni kwamba si kila foto ni ya ukutani. Ya jeshi, ya chama, ya mkutano wa siasa, hizo zibaki mahali pa siri. Lakini foto ya bibi ameshika jembe, ya baba siku ya ubatizo, ya watoto siku ya matokeo ya shule, hizo zina hatia gani? Na tukumbuke: wale wale wanaoogopa foto ya bibi wanaacha kalandrie ya mwanasiasa ukutani, wakati hiyo ndiyo inayoweza kuleta maswali siku upepo wa siasa ukigeuka.

Wa nne wanasema umaskini: nyumba yetu ni ya udongo, mchwa, mvua, leo tuko kesho tumekimbia. Hao hatuwajibu kwa maneno matupu. Usiku wa 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mito ilipofurika Uvira, maelfu ya nyumba zilibomoka, na foto za vizazi vizima zilikwenda ziwani pamoja na matope. Kisha ziwa lenyewe likapanda likala nyumba za ufukweni. Lakini angalieni vizuri hoja hiyo inakwenda wapi. Kama sababu ya kutotundika ni kwamba tunaweza kupoteza, basi tayari tumepoteza. Tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipolipuka Sange, zaidi ya watu 200 waliungua, wengi hawakutambulikana, wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Pale hata kaburi la mtu mmoja mmoja halipatikani. Nyumba iliyokuwa na sura ukutani ilibaki na sura. Nyumba iliyokuwa na maporomoko ya Kichina ilibaki na maporomoko.

Msikate sura ya jirani

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo wenzetu wengine walituomba tuliache. Hatutaliacha.

Tulipoanza kuomba foto za zamani kwa wazee wa huku, tuliletewa moja ya arusi, nyeusi na nyeupe. Bibi arusi yuko katikati, bwana arusi kulia kwake. Upande wa kushoto pana tundu. Mtu amekatwa kwa makasi, kichwa na mabega, mkono wake tu umebaki begani kwa bwana arusi. Tukauliza. Mwenye nyumba akanyamaza, kisha akasema: "Alikuwa parreni wetu. Kisha vita, tukasikia batu ba kabila lake... Mutoto wangu njo alikata." Tukamuuliza kama parreni yule aliwahi kumkosea yeye binafsi. Akasema hapana, ndiye aliyemlipia kitanda hospitalini alipozaliwa mtoto wa kwanza. Mtoto yule yule mwenye makasi.

Wasomaji, tunaishi Wafuliiru, Wavira, Warundi, Wabembe, Wanyamulenge, Washi na wengine, bonde moja, milima ileile, soko moja. Wanaotaka tupigane wanahitaji jambo moja kwanza: tusahau nani alisimama kwenye arusi ya nani. Foto za zamani ni mashahidi wabaya sana kwao. Zinaonyesha timu ya mpira ya shule moja, kwaya moja, ubatizo mmoja, chungu kimoja cha pombe na mirija mingi. Anayekata sura ya jirani anafanya kazi ya mwenye bunduki kabla mwenye bunduki hajafika.

Kwa hiyo tunasema wazi: ukuta tunaoutetea si ukuta wa kabila. Si mahali pa kuonyesha sisi tulikuwa wa kwanza hapa na wengine walikuja nyuma yetu. Mkitaka kutundika kwa nia hiyo, heri mbaki na kalandrie. Tundikeni foto nzima nzima, na kila jina liandikwe, pamoja na la yule ambaye leo hamsalimiani. Foto ile ya arusi tuliomba itundikwe na tundu lake, na mzee akakubali. Chini yake ameandikisha majina matatu.

Namna ya kuanza

Kulalamika bila kuonyesha njia ni kelele. Tunatoa hapa tuliyojifunza katika nyumba yetu na ya majirani waliotufuata.

Chagua ukuta mmoja tu, ule usiopigwa na mvua wala jua la mchana, na ulio mbali na moshi wa jikoni. Upake upya. Mchwa ukionekana, shughulikia mchwa kwanza. Usibandike foto kwa gundi wala kwa ugali wa muhogo: itakuja siku ya kuibandua na sura itabaki ukutani. Fundi seremala anaweza kutengeneza kadre kwa mabaki ya mbao, na bei yake haifiki bia tunazokunywa matangani. Kioo kisigusane na foto, weka ukingo wa kartoni katikati, maana kwenye unyevu vinashikana. Nyuma ya kadre weka vijiti viwili ili hewa ipite kati yake na udongo.

Kabla ya kupigilia msumari hata mmoja, panga kila kitu chini, juu ya mkeka. Ita watu wote wa nyumba. Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa sababu mabishano yataanza: huyu ni nani, nani mkubwa, hapa palikuwa wapi. Acha wabishane. Mwenye kujua aseme, mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike nyuma ya foto kwa penseli, si kwa bic: jina lote, mahali, mwaka kama unajulikana. Sisi tulitumia siku nzima ya Jumapili kwa foto kumi na moja, na shangazi yetu alisimulia mambo ambayo kwa miaka arobaini hakuna aliyewahi kumuuliza.

Wakubwa wakae katikati, watoto wao kuwazunguka, na pembeni pabaki nafasi kwa ajili ya watakaozaliwa. Usipandishe juu sana karibu na dari kama tunavyozoea. Macho ya mtoto wa miaka kumi ndiyo kipimo.

Na wale wasiokuwa na foto? Ni wengi, hasa bibi zetu. Kwa hao tundika kitu cha mkono wao: kikapu, ungo, mpini wa jembe uliolainika kwa kushikwa, na jina lake chini. Ao mwite mtoto anayejua kuchora, bibi mwingine amwelekeze: pua hivi, alama hapa, alifunga kitambaa namna hii. Na wale vijana wetu wanaochora vibao vya maduka na kinyozi, kwa nini hatuwapi kazi? Waagizeni mbao moja ya enzi ya pamba, wakati wazee walipolazimishwa kuilima hapa bondeni. Waagizeni soko la zamani la Luvungi, ama kiwanda cha sukari cha Kiliba kabla hakijanyamaza. Tshibumba alianza na gunia la unga. Magunia tunayo.

Diploma nazo zitundikwe, hatukatazi. Lakini chini ya foto ya aliyezilipia.

Kalandrie tumeziacha jikoni, maana siku lazima zijulikane. Saloni hapana.

Tunamalizia kwa wenzetu walimu na kwa wanachama wote wa chama chetu. Kabla ya mwaka huu kwisha, kila mmoja wetu apite kwa mzee mmoja aliye hai, ambaye hana picha isipokuwa ya karte ya uchaguzi. Amwombe akae nje kwenye mwanga mzuri wa asubuhi, avae nguo anayoipenda yeye, asishtuke. Apige foto, aisafishe kwenye karatasi, aandike jina, aitundike katika nyumba ya mzee mwenyewe, aione akiwa angali hai. Mama yule tuliyemzika tulimfahamu miaka yote. Tulipita mbele ya mlango wake kila siku tukienda shuleni, na simu zenye kamera zikiwa mfukoni. Alikuwa akitusalimia: "Mwalimu, mumeamka?" Tukajibu tumeamka, tukapita.